Masomo ya likizo ya uandishi, ulumbi na uigizaji: Jinsi vijana wanavyofunzwa kutumia sauti zao

KILA ifikapo mwezi wa Juni, shule nyingi za Marekani na Ulaya hufungwa kwa likizo ndefu ya majira ya joto ambayo huendelea hadi Agosti au mapema Septemba. Hata hivyo, kwa vijana wengi wa umri wa miaka 13 hadi 18, huo ndio wakati wa kuingia katika darasa la aina nyingine.

Hili ni darasa lisilo na mtihani wa mwisho wala nambari ya kushika. Humo mwanafunzi hufunzwa kuandika kwa ubunifu, kuzungumza mbele ya hadhira na kuigiza jukwaani.

Masomo haya huandaliwa na vyuo vikuu, majumba ya maonyesho, maktaba na mashirika ya kijamii. Baadhi huchukua juma moja tu, mengine majuma matano au zaidi. Kuna wanafunzi wanaorejea nyumbani kila jioni, na kuna wanaolala katika mabweni ya chuo au kambini.

Ingawa stadi hizi tatu hufundishwa mbalimbali katika baadhi ya vituo, mara nyingi huandamana. Anayeandika hujifunza kupanga fikira zake. Anayezungumza huzipima fikira hizo mbele ya watu wanaoweza kumpinga. Anayeigiza naye hulazimika kuyatazama mambo kwa macho ya mtu asiyefanana naye.

Asili ya masomo ya likizo

Wengi huamini kwamba likizo ndefu ya Marekani iliwekwa ili watoto wakawasaidie wazazi wao mashambani. Wanahistoria wa elimu wamelipinga dai hilo.

Katika karne ya 19, shule nyingi za mashambani zilifunguliwa wakati wa baridi na wakati wa joto, kisha zikafungwa katika misimu ya kupanda na kuvuna, ambapo mikono ya watoto ilihitajika zaidi. Likizo ya majira ya joto ilitokana kwa kiasi kikubwa na miji, ambako madarasa yaligeuka tanuri na familia zenye uwezo zikaondoka kwenda kutafuta hewa safi.

Mnamo 1874, Lewis Miller, mfanyabiashara na mvumbuzi, pamoja na kasisi John Heyl Vincent, walianzisha mkutano wa kuwafunza walimu wa shule za Jumapili kando ya Ziwa Chautauqua, jimbo la New York. Mkutano huo ulipanuka ukawa na mihadhara, muziki na maonyesho, na mfano wake ukaigwa katika miji mingi. Kutokana na hayo, wazo la kwamba likizo inaweza kuwa msimu wa kujielimisha likakita mizizi.

Vijana wa shule za upili walianza kutengewa nafasi yao katika karne ya 20. Mnamo 1928, mwalimu wa muziki Joseph Maddy alianzisha kambi ya okestra ya wanafunzi hao huko Interlochen, jimbo la Michigan. Baadaye kambi hiyo ilijumuisha uigizaji, densi na uandishi wa kubuni.

Mnamo 1931, Chuo Kikuu cha Northwestern kilichoko Evanston, kaskazini mwa jiji la Chicago, kilianzisha taasisi ya likizo ya wanafunzi wa shule za upili chini ya Ralph Dennis, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha uzungumzaji. Mdahalo na uigizaji vimekuwa miongoni mwa nguzo zake.

Nchini Uingereza, hadithi ilikuwa tofauti kidogo. Michael Croft alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika Shule ya Alleyn's, kusini mwa London, na alipenda kuandaa tamthilia za Shakespeare pamoja na wanafunzi wake. Alipoacha kazi hiyo, wavulana aliowafunza walimwomba waendelee kuigiza naye wakati wa likizo.

Mnamo 1956 walionyesha Henry V katika ukumbi wa Toynbee Hall, mashariki mwa London. Kundi hilo ndilo lililokuja kujulikana kama National Youth Theatre. Mnamo 1965, Helen Mirren, akiwa na umri wa miaka 20, aliigiza Cleopatra na kundi hilo katika ukumbi wa Old Vic, na jina lake likaanza kutajika. Daniel Day-Lewis na Daniel Craig pia ni miongoni mwa waigizaji waliopitia humo.

Darasa la uandishi

Msingi wa darasa la uandishi ni warsha. Wanafunzi kati ya kumi na kumi na wawili huketi kwa duara pamoja na mwalimu ambaye mara nyingi naye ni mwandishi. Kila mmoja huwa amesoma kazi ya mwenzake mapema na kuandika maoni pembeni mwa ukurasa.

Katika warsha nyingi, mwenye kazi hutakiwa kunyamaza wakati wenzake wanapoijadili. Lengo la kanuni hii ni kumwonyesha kile ambacho msomaji alikiona kwenye karatasi, wala si kile ambacho mwandishi alikusudia. Akiruhusiwa kufafanua kila kitu, hatajua ni wapi maandishi yenyewe yameshindwa kujieleza.

Mtindo huu ulienezwa zaidi na Chuo Kikuu cha Iowa, ambacho warsha yake ya waandishi ilianzishwa mnamo 1936. Chuo hicho huwa na kozi ya waandishi chipukizi wa shule za upili wakati wa likizo, na mji wa Iowa City ulitambuliwa na UNESCO kuwa mji wa fasihi mnamo 2008.

Kanuni ya kunyamaza ina wakosoaji wake pia. Baadhi ya walimu huhoji kwamba kijana anayetoka katika jamii isiyofahamika na wenzake hujikuta akihukumiwa kwa mambo ambayo angeyaeleza kwa sentensi moja. Kwa hivyo, kuna warsha ambazo humruhusu mwandishi kuanza kwa kuuliza maswali anayotaka yajibiwe.

Zoezi jingine la kawaida ni uandishi huru. Mwanafunzi hupewa dakika kumi za kuandika pasipo kuinua kalamu, kufuta wala kujali tahajia. Profesa Peter Elbow aliupigia debe mtindo huu katika kitabu chake Writing Without Teachers kilichochapishwa mnamo 1973. Hoja yake ilikuwa kwamba kuandika na kusahihisha ni kazi mbili tofauti, na anayejaribu kuzifanya kwa pamoja hukwama.

Kozi nyingi hukamilika kwa kijitabu chenye kazi za wanafunzi, au kwa kikao ambapo kila mmoja husoma kazi yake kwa sauti. Hapo ndipo uandishi unapokutana na ulumbi.

Darasa la uzungumzaji

Woga wa kusimama mbele ya watu huwapata hata watu wazima waliosoma. Moyo hudunda, viganja hulowa jasho na pumzi hukatika. Walimu wa ulumbi huanza na mwili kabla ya maneno: namna ya kusimama, kuvuta pumzi kutoka tumboni, kutua mahali panapofaa na kumtazama msikilizaji usoni.

Baada ya hapo hufuata mazoezi ya hotuba fupi. Katika mashindano ya shule za upili nchini Marekani kuna kitengo ambapo mshiriki huchagua mada moja kati ya tatu anazookota, hupewa dakika 30 za kujiandaa, kisha huzungumza kwa dakika saba kuhusu suala la wakati huo. Chama kinachosimamia mashindano hayo kilianzishwa mnamo 1925.

Mdahalo nao humfunza kijana jambo ambalo ni gumu zaidi, yaani kuutetea upande asioukubali. Katika mashindano ya dunia ya midahalo ya shule, yaliyoanza mnamo 1988, wazungumzaji watatu wa kila upande huhutubu kwa dakika nane kila mmoja, kisha hufuatia hotuba ya majibu ya dakika nne. Timu inaweza kutetea hoja fulani asubuhi na kuipinga nyingine inayofanana nayo alasiri.

Katika kambi za likizo, majuma mawili au matatu hutumika kusoma mada, kukusanya ushahidi na kufanya midahalo ya majaribio. Kijana hujifunza kutofautisha kati ya hoja na kelele, na kati ya kumpinga mtu na kumtusi.

Darasa la uigizaji

Mazoezi mengi yanayotumiwa leo katika madarasa ya uigizaji ya vijana yana chimbuko lake katika kazi ya Viola Spolin wa Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Spolin alifanya kazi katika mradi wa serikali uliowahudumia watoto wa wahamiaji na wakazi maskini wa jiji hilo.

Wengi wa watoto hao hawakuwa na lugha moja. Badala ya kuwapa maneno ya kukariri, Spolin aliwapa michezo. Mmoja alifuata mienendo ya mwenzake kama kioo, wengine walirushiana mpira usiokuwepo, na wengine wakalazimika kuonyesha walipo bila kupataja. Michezo hiyo aliikusanya katika kitabu Improvisation for the Theater kilichochapishwa mnamo 1963. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi la vichekesho la Second City mnamo 1959.

Ratiba ya kawaida ya kambi ya uigizaji huanza kwa kunyoosha viungo na kupasha sauti. Kisha kuna mafunzo ya uchanganuzi wa mswada, ambapo mwanafunzi hujiuliza: mhusika huyu anataka nini, nani anamzuia, na atafanya nini ili akipate? Alasiri hutengewa mazoezi ya mchezo wenyewe.

Si kila mshiriki hupanda jukwaani. Wapo wanaojifunza kushona maleba, kutengeneza mandhari, kupanga taa na kusimamia jukwaa. Kwa kijana asiyependa kutazamwa, kazi hizi humpa nafasi ya kuhitajika na kundi zima.

Vijana pia wamewahi kuubadilisha mkondo wa tamthilia zenyewe. Mnamo 1967, National Youth Theatre ilionyesha Zigger Zagger ya Peter Terson, kuhusu kijana wa Kiingereza aliyevutwa na ghasia za mashabiki wa soka baada ya kuacha shule. Umati wa vijana jukwaani ndio uliokuwa uwanja wa mpira. Mchezo huo ulipendwa mno kwa sababu waigizaji walikuwa rika moja na wahusika wao.

Nani anayeachwa nje?

Swali kubwa linaloyaandama masomo haya ni gharama. Kozi za kulala chuoni hutoza maelfu ya dola, na nafasi za ufadhili ni chache zikilinganishwa na wanaozihitaji.

Watafiti Karl Alexander na Doris Entwisle pamoja na wenzao waliwafuatilia watoto takriban 800 wa jiji la Baltimore kuanzia 1982, walipokuwa darasa la kwanza. Katika makala yao ya 2007, walieleza kwamba takriban thuluthi mbili za pengo la usomaji kati ya watoto wa familia maskini na wale wa familia zenye uwezo, walipofika mwaka wa tisa wa masomo, ilitokana na tofauti za kile walichojifunza wakati wa likizo.

Matokeo hayo yamezua mjadala. Mnamo 2019, mtafiti Paul von Hippel alieleza kwamba vipimo vya kisasa havikuonyesha pengo likipanuka kwa kiwango hicho wakati wa likizo. Hata hivyo, pande zote zinakubaliana kwamba mtoto wa mwenye nacho huwa na mengi ya kufanya shule ikifungwa, na wa maskini huwa na machache.

Juhudi za kuziba pengo hilo zimefanywa. Mnamo 1985, ligi ya midahalo ya shule za mijini ilianzishwa jijini Atlanta kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Emory ili kuwafikia wanafunzi wa shule za umma. Mnamo 2002, mwandishi Dave Eggers na mwalimu Nínive Calegari walifungua kituo cha 826 Valencia jijini San Francisco, ambacho huwafunza watoto na vijana uandishi bila malipo.

Ufadhili nao hukatika. Mpango wa Between the Lines wa Chuo Kikuu cha Iowa ulianza mnamo 2008 kuwaleta pamoja waandishi vijana kutoka mataifa mbalimbali. Serikali ya Marekani ilipokatiza ruzuku zake mnamo 2025, masomo hayo ya vijana yalisitishwa.

Hali nchini Kenya

Kenya haina majira ya joto kwa maana ya Ulaya, wala likizo moja ndefu ya katikati ya mwaka. Wanafunzi hupumzika mwezi wa Aprili, Agosti na kuanzia mwisho wa muhula wa tatu hadi Januari. Isitoshe, Sehemu ya 37 ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, hatua iliyonuiwa kuwapa watoto muda wa kupumzika na kuwakinga wazazi dhidi ya karo za ziada.

Hata hivyo, sanaa za jukwaani zina historia ndefu katika shule za humu nchini. Tamasha za kitaifa za drama zilianza mnamo 1959. Washiriki huanzia ngazi za chini, wakapanda hadi kaunti na kanda, kisha wakakutana katika fainali ya kitaifa ambayo kwa kawaida hufanyika Aprili. Humo mna tamthilia, mashairi, densi bunifu, masimulizi na filamu.

Nje ya shule, makundi ya maonyesho pia yamewapokea vijana. Lupita Nyong'o, aliyeshinda tuzo ya Oscar mnamo 2014, aliigiza Juliet akiwa na umri wa miaka 14 katika kundi la Phoenix Players jijini Nairobi.

Tofauti kubwa kati ya tamasha na warsha za likizo imo katika mswada. Aghalabu, michezo ya tamasha huandikwa na walimu au waandishi wanaoalikwa, naye mwanafunzi huikariri na kuiigiza. Katika warsha, kijana mwenyewe ndiye anayetarajiwa kuandika.

Kwamba maneno yanayotamkwa na wanafunzi jukwaani yana uzito si jambo la kubahatisha. Mnamo 2013, mchezo wa Shackles of Doom wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere ulizuiwa kufika fainali, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uonyeshwe. Mnamo Aprili 2025, shule hiyo hiyo ilifika Nakuru na mchezo wa Echoes of War baada ya mahakama kuingilia kati tena. Wasichana hao waliimba wimbo wa taifa na kuondoka ukumbini bila kuigiza, huku polisi wakitumia vitoa machozi kuwatawanya watu waliokusanyika nje.

Michezo yote miwili iliandikwa na mtu mzima, Cleophas Malala. Lakini waliosimama mbele ya taifa walikuwa wasichana wa shule. Tukio hilo liliibua swali ambalo kila mwalimu wa sanaa hukumbana nalo: je, kijana anafunzwa kusema anachofikiri, au kusema vyema alichoandikiwa?

Swali hilo lina umuhimu zaidi sasa. Katika mtaala wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza lilipangiwa kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, mwanafunzi wa sekondari ya juu huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu. Mmojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambapo uigizaji na filamu ni somo kamili. Shule nyingi hazina ukumbi wala mwalimu aliyesomea taaluma hiyo.

Mambo ya kuzingatia

Mzazi anayetafuta mafunzo ya aina hii anashauriwa kuuliza maswali machache kabla ya kulipa.

Kwanza, ni wanafunzi wangapi watakaohudumiwa na mwalimu mmoja? Darasa la uandishi lenye watu 40 haliwezi kuwa warsha, kwa kuwa kazi ya kila mmoja haitasomwa.

Pili, ni nani watakaowafunza, na je, wana tajriba ya kuishi na vijana? Msanii hodari si lazima awe mlezi mwema. Sharti pawepo kanuni za kuwalinda watoto, hasa mazoezi yanapoendelea hadi usiku au panapokuwa na bweni.

Tatu, mwanafunzi atatoka na nini? Hadithi iliyoandikwa upya mara tatu, hotuba aliyoitoa mbele ya wageni au onyesho la dakika 20 ni ushahidi bora kuliko cheti.

Nne, lugha gani itatumika? Kijana anayefikiri kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama, akilazimishwa kuigiza kwa Kiingereza pekee huweza kuonekana mzito wa akili ilhali kilichomlemea ni lugha.

Tano, mtoto mwenyewe anataka? Samaki mkunje angali mbichi, lakini mwenye haya hasaidiki kwa kusukumwa jukwaani siku ya kwanza. Walimu wazoefu humwachia atazame, ashike taa au asome sehemu fupi akiwa ameketi, kisha humpandisha polepole.

Kwa shule, kanisa, msikiti au maktaba inayotaka kuanzisha mafunzo haya, si lazima fedha nyingi. Chumba chenye viti vinavyosogezwa, madaftari, vijana kumi na wawili na mwalimu aliye tayari kusikiliza vyatosha kwa juma moja. Asubuhi huwa ya kuandika, saa za kabla ya chakula cha mchana huwa za kusomeana, na alasiri huwa ya michezo ya kuigiza papo kwa papo.

Siku ya mwisho, wazazi na majirani hualikwa. Kila kijana hupewa dakika tatu za kusoma, kuhutubu au kuigiza alichokiandika mwenyewe. Atakayetetemeka aachwe amalize, kwani wengi wa wale wanaosifiwa leo kwa ufasaha wao walianza hivyo hivyo.